Pampu Inapogoma: Somo kwa Mkulima Mpya

Mara iliyopita tulizungumza juu ya kupanda miche ya tungule. Leo tutazungumza juu ya mashine inayoinywesha miche hiyo, yaani pampu ndogo ya petroli, na la kufanya siku itakapogoma. Maana kugoma itagoma. Hakuna mashine isiyougua.

Tuchukue mfano wa mkulima mpya wa Kiwengwa, pwani ya mashariki ya Unguja. Aijuaye Kiwengwa anajua kwamba ardhi yake ni ya maweni. Udongo ni kidogo, umekaa katika mianya ya mawe, na mvua ikinyesha maji hupenya chini upesi. Mto hakuna. Basi mtu anayetaka kulima mboga wakati wa kaskazi, apate kuuza sokoni au katika hoteli za ufukweni, hana budi kutegemea kisima. Na kwa kuwa udongo mchache hauweki maji mengi, siku chache za jua kali bila ya kumwagilia zatosha kulaza majani na kupukutisha maua. Hapo mkulima huingiwa na wasiwasi, akashika spana kabla ya kufikiri.

Neno langu la kwanza ni hili: usifungue kitu kabla hujatazama. Jiulize, je, injini haiwaki, au inawaka lakini maji hayatoki? Hayo ni maradhi mawili mbalimbali.

Ikiwa injini haiwaki, anza na yaliyo mepesi. Petroli imo? Koki imefunguliwa? Swichi imewashwa? Kisha weka pampu mahali pa sawa utazame oili, kwa kuwa injini nyingi ndogo zina kinga inayozuia zisiwake oili ikipungua. Baada ya hapo toa plagi. Ikiwa ina masizi au imelowa, isafishe, ikaushe, uirudishe. Ikiwa petroli imekaa ndani ya tangi miezi mingi, imwage mahali salama mbali na kisima, utie mpya. Mwisho safisha chujio la hewa.

Ikiwa injini inawaka na maji hayatoki, kumbuka kwamba pampu hii haiwezi kuanza kazi ikiwa kavu. Izime, uijaze maji kwanza. Kisha tazama mpira wa kuvutia maji. Ufa mdogo au klipu iliyolegea huingiza hewa, wala hutaona tone likivuja, kwa sababu hewa ndiyo inayoingia. Kaza klipu na uzibe ufa. Tazama na mlango mdogo ulio mwisho wa mpira, ambao kazi yake ni kuruhusu maji yapande na kuyazuia yasirudi. Ujaribu hivi: jaza mpira maji, ungoje kidogo. Yakishuka, huenda chembe ya mchanga imeuzuia mlango usifunge. Usafishe.

Sasa nisikilizeni sana. Pampu iliyo juu ya ardhi haivuti maji yaliyo chini yake zaidi ya mita 7 hivi. Hata ikiwa mpya, haitaweza. Wakati wa kaskazi maji ya kisima hushuka, na pampu iliyofanya kazi vizuri wakati wa masika huacha kuvuta. Hapo baadhi ya watu hupata wazo la kuishusha pampu ndani ya kisima. Usifanye hivyo kamwe! Moshi wa injini una hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, iitwayo kaboni monoksaidi. Kisimani haina pa kutokea. Aliyeshuka huanguka, na ndugu anayemfuata kumwokoa naye huanguka. Hivyo ndivyo watu wawili au watatu wanavyokufa katika kisima kimoja kwa ajili ya tungule. Ukimwona mtu ameanguka humo, usimfuate. Piga kelele, uite zimamoto, na kama ana fahamu mtupie kamba. Kwa kisima kirefu, mwulize bwana shamba juu ya pampu ya kuzamishwa majini, ya umeme au ya nguvu ya jua.

Wala usikimbilie kuchimba zaidi. Karibu na bahari maji matamu hukaa juu ya maji ya chumvi, na ukichimba au ukivuta kupita kiasi, chumvi hupanda. Chumvi huharibu mimea, tena hula chuma cha pampu.

Dawa kubwa ni kujiandaa kabla. Weka ndani ya sanduku plagi moja, klipu mbili, oili, kamba ya kuwashia na spana zake. Kifaa cha shilingi chache kikikosekana, utapoteza siku nzima kwenda mjini na kurudi. Andika katika daftari siku unayobadilisha oili, ukifuata kitabu cha pampu yako.

Na hesabu ndoo zako. Miche 200, kila mmoja lita moja na nusu, ni lita 300, yaani ndoo 15 za lita 20. Mtu na jirani yake wataziteka jioni moja. Lakini miche 2,000 ni ndoo 150, nani ataziteka? Basi mwaka wako wa kwanza panda kadiri ya ndoo zako, hata kama pampu yako yaweza zaidi. Ikigoma, utakuwa na nafasi ya kuitengeneza bila ya haraka, na shamba litakungoja.

Maswali ya kuzungumza katika kikundi:

1. Kutoka juu ya kisima chenu hadi kwenye maji ni mita ngapi wakati wa kaskazi? Pimeni kwa kamba yenye jiwe.
2. Pampu ikigoma leo, mtateka ndoo ngapi kabla ya magharibi?
3. Kuna mtu kijijini anayeshusha injini kisimani? Nani atakwenda kumwonya?

Swali la tatu lisingoje somo lijalo. Kwaherini.