Asiyekuja Ndiye wa Kutembelewa
Mazungumzo kwa vikundi vya huduma, katika ukumbi wa parokia

Tunawashukuru kwa kuja, na hasa nyinyi wa ng'ambo ya mto mlioanza safari kabla ya mapambazuko. Tumeombwa tuzungumze juu ya vikundi vya huduma: vinafanya kazi gani, mtu anaingiaje, na kwa nini vingine vinakufa kabla ya kumaliza mwaka. Hatutasoma mengi ya vitabuni. Tutasema tuliyoyaona, pamoja na kosa moja tulilolifanya sisi wenyewe.

Kusaidiana si jambo geni

Wengine wakisikia kilabu cha huduma wanafikiri ni mambo ya mjini, ya watu wa suti. Sivyo. Huku Ukambani tuna mwethya. Mtu akiugua wakati wa kupalilia, majirani waliitana, kila mmoja na jembe lake, shamba likaisha kabla ya jua kuwa kali. Tangu miaka ya 1950 vikundi vya mwethya vimechimba matuta katika vilima vya Machakos, yale tunayoyaita "fanya juu". Unachimba mtaro, unautupa udongo upande wa juu, na mvua ikija haiondoki na shamba lako. Mikono mingi iliyofanya kazi hiyo ilikuwa ya akina mama.

Kadhalika mabwawa ya mchanga. Watu wanajenga ukuta kukata mto wa msimu, mchanga unajaa nyuma yake, na maji yanajificha ndani ya mchanga mahali jua haliyafikii. Mtu mmoja hawezi kujenga ukuta ule hata akiwa na nguvu za ng'ombe. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Na huko nje pia watu walianza hivyo hivyo, wachache na bila mali. Mwaka 1833, mjini Paris, Frédéric Ozanam alikuwa mwanafunzi wa miaka 20. Yeye na wenzake wachache walianza kuzitembelea familia maskini nyumbani kwao. Mtawa Rosalie Rendu, aliyewajua maskini wa mitaa ile, ndiye aliyewaongoza. Kutoka hapo kikatokea Chama cha Mtakatifu Vincent wa Paulo, ambacho hata leo kazi yake kubwa ni kwenda kubisha hodi.

Mwaka 1905, mjini Chicago, wakili Paul Harris aliketi na watu watatu. Walikuwa wakikutana kwa zamu katika ofisi zao, na zamu hiyo ndiyo iliyozaa jina la Rotary. Je, mnajua moja ya kazi zao za kwanza kwa umma ilikuwa nini? Mwaka 1907 walisaidia kupatikana kwa vyoo vya watu wote mjini. Vyoo, jamani! Hawakutafuta jambo la kupigiwa picha. Waliuliza watu wanateseka na nini. Kilabu cha kwanza cha Rotary Nairobi kilianza mwaka 1930. Mwaka 1985 chama hicho kilianza kazi kubwa duniani ya kupigana na polio, na tarehe 25 Agosti 2020 Afrika ilitangazwa kuwa haina tena virusi vya polio vya asili. Ugonjwa wenyewe bado haujaisha duniani, kwa hiyo chanjo inaendelea. Nyuma ya tangazo lile kuna watu wengi waliotembea nyumba hadi nyumba, wakadondosha matone mdomoni mwa mtoto na kumtia alama ya wino kidoleni.

Kazi zinazongoja watu

Sasa tuje kwetu. Mtu anasema, "Ningependa kujitolea, lakini sina pesa." Tunamjibu kwamba kazi nyingi zinataka muda na moyo tu. Tutaje nne.

Ya kwanza ni kutoa damu. Damu haitengenezwi kiwandani. Lazima itoke kwa mtu. Mtoaji awe na umri wa miaka 16 hadi 65, uzito usiopungua kilo 50, na awe mzima siku hiyo. Mwanamume anaweza kutoa kila baada ya miezi 3, mwanamke kila baada ya miezi 4. Mama mjamzito hatoi. Kinachochukuliwa ni kama mililita 450, hata nusu lita haifiki. Damu hiyo inapimwa Ukimwi, homa ya ini na kaswende kabla ya kupewa mgonjwa.

Ya pili ni vyeti vya kuzaliwa. Mtoto akizaliwa nyumbani, habari zake zinaandikwa kwa naibu wa chifu. Ikipita miezi 6 inahesabiwa kuwa mmechelewa, na karatasi zinaongezeka. Mama asiyejua kusoma anaogopa karatasi zile. Akipata mtu wa kumsindikiza na kumjazia fomu, mambo yanakwisha.

Ya tatu ni kulima au kuchimba matuta kwa mjane, mzee au mgonjwa. Ya nne ni kutembelea walio vitandani: kumchotea mtu maji, kumfulia, kumkumbusha dawa, na kuketi naye kidogo. Hiyo ya kuketi ndiyo tunaiona ndogo, na ndiyo wagonjwa wanaitaja kwanza.

Wanachama wawili

Katika kikundi chetu kuna kijana wa bodaboda. Hatutamtaja jina, mwenyewe hapendi. Mke wake alijifungua usiku akapoteza damu nyingi. Alipewa chupa mbili za damu na akapona. Kijana alitaka kujua zilikotoka ili akashukuru. Akaambiwa haiwezekani kujua, ni mtu tu alitoa. Akatuambia, "Basi kwa kuwa siwezi kumlipa huyo, nitamlipa mwingine." Tangu siku hiyo anatoa kila nafasi yake ikifika, na siku za kutoa damu anabeba wenzake bila nauli.

Mwingine ni mwalimu mstaafu. Alipostaafu alikaa nyumbani miezi mingi akitazama ng'ombe. Alikuwa akisema kwamba mwalimu bila darasa ni kama kengele isiyo na ulimi. Tukamwomba atusaidie na fomu za vyeti vya kuzaliwa. Siku ya kwanza alikuta akina mama kumi na mmoja wanamngoja chini ya mti. Sasa ana meza yake pale kila Jumanne, na ukichelewa anakugombeza kama ulivyokuwa darasa la tatu.

Kosa letu

Ndugu zetu, sasa tuseme lile lililotuleta. Kikundi chetu kilipoanza, tulitaka nidhamu. Tuliandika sheria: asiyefika mkutanoni bila ruhusa anatozwa shilingi hamsini. Tulinunua rejista nzuri, tukachagua karani, na kila Alhamisi tuliita majina. Tulijisifu. Sisi wenye cheti cha mafunzo ya kazi za jamii ndio tuliosema kikundi bila sheria hakidumu, na watu wakatuamini.

Kulikuwa na mama mmoja, mwanachama wa tangu mwanzo. Ndiye aliyekuwa akienda mbali kuliko wote kutembelea wagonjwa. Akakosa Alhamisi moja. Karani akaandika "hayupo" na shilingi hamsini. Ya pili, hayupo. Ya tatu, hayupo. Wengine wakanung'unika kwamba amechoka, au ameenda kwa kikundi kingine chenye mikopo. Simu yake ilikuwa imezimwa. Ilipofika wiki ya saba deni lilikuwa shilingi mia tatu na hamsini, na mwenyekiti akasema tumfute. Tukainua mikono. Na sisi tuliinua.

Sheria ilitaka mtu aliyefutwa apelekewe barua. Wawili kati yetu tukaibeba. Kutoka barabarani hadi kwake ni mwendo wa kama saa moja, na njiani tulikuwa tukizungumza habari za mvua. Tulipofika tulimkuta ameketi mlangoni, amekonda, mguu umefungwa kitambaa. Alikuwa ameanguka akitoka mtoni na mtungi wa lita 20. Alianguka akichota maji ya mgonjwa, si yake. Simu aliiuza apate nauli ya hospitali. Watoto wake wako mbali. Jirani alikuwa akimletea uji, siku nyingine hakuna.

Barua ilikuwa mfukoni. Hatukujua tuiweke wapi mikono yetu. Yeye akatukaribisha, akaomba radhi kwamba hana chai. Halafu akasema pole pole, "Kila Alhamisi nilijua saa mnaita majina. Nilikuwa nasema, leo watakuja. Mimi nimetembelea watu wa kikundi hiki miaka miwili, nilifikiri nikikosekana mtajua kuna jambo."

Hatukuwa na jibu. Tulijua kweli kwamba hayupo. Tuliandika mara saba! Rejista yetu ilijua, sisi hatukujua.

Tulirudi na barua ile, tukaisoma mbele ya kikundi, tukaeleza tuliyoyakuta. Watu walinyamaza. Mzee mmoja akauliza, "Hizi faini tumekusanya ngapi?" Mweka hazina akahesabu. Pesa zile ndizo zilizomrudisha mama yule hospitali, na wanachama wakapanga zamu ya maji na kuni. Mguu haukurudi kama zamani. Hata leo anachechemea, na milimani haendi tena. Hilo hatuwezi kulifuta.

Tulichobadilisha

Tuliiondoa faini. Mahali pake tuliandika hivi: mwanachama akikosa mikutano miwili bila habari, wanachama wawili waende kwake kabla ya mkutano wa tatu, na waende mikono mitupu, bila daftari. Pili, kila mwanachama ana jirani mmoja wa kikundi anayejua afya yake. Tatu, anayetumwa mbali anapewa nauli. Nauli si mshahara, lakini tusimfanye mtu anayejitolea achague kati ya mgonjwa na unga wa watoto wake.

Kuna walioogopa kwamba bila faini watu watalegea. Kweli, wawili watatu walilegea. Tulipowatembelea tuligundua kwamba mmoja alikuwa na shida nyumbani na mmoja alikuwa mvivu tu. Mvivu alipoona tumetembea mpaka kwake, aliona haya akarudi. Sheria bado tunazo, na mahudhurio bado tunaandika. Ila rejista sasa inatuambia twende kwa nani.

Na mnajua karani wetu wa leo ni nani? Ni mama yule yule. Hatembei mbali, lakini ndiye anayeshika kalamu. Akiona jina limekosa mara mbili, anafunga daftari, anatutazama na kuuliza, "Nani anaenda?" Mkutano hauendelei mpaka wawili waseme.

Basi ombi letu leo si kubwa. Mkirudi kwenye vikundi vyenu, iwe ni mwethya, jumuiya, kikundi cha vijana au cha akina mama wa kuweka akiba, fungueni rejista zenu. Tafuteni jina ambalo halijaitikia siku nyingi. Msiseme ni mvivu, msiseme ametuacha. Nendeni wawili, jioni hii kama njia inaruhusu. Mkikuta ni mzima, mtakunywa maji na kurudi. Mkikuta sivyo, hapo ndipo kazi ya kikundi chenu inaanza.

Wanaotaka kuandikisha majina kwa siku ya kutoa damu, meza iko pale mlangoni, na karani wetu anawangoja.