Kioo Kinapofifia: Tuangalie Wenyewe Kabla ya Kwenda kwa Fundi
(Mazungumzo na makatibu wa vikundi vya Kibaha na Kisarawe)

Leo tunazungumzia jambo dogo linalokwamisha kazi kubwa: kioo cha kompyuta mpakato kufifia ghafla, hesabu za wanachama zikiwa katikati.

Sisi wenyewe yalitupata. Tulikuwa Maneromango tukiandaa taarifa ya akiba na mikopo, umeme umekatika, kioo kikafifia. Tulikwenda kwa fundi, akatuuzia kioo kipya. Siku ya pili umeme ulikatika tena, na kioo kikafifia vilevile. Kumbe kompyuta ilikuwa ikibana matumizi ya betri tu! Fedha ya kikundi ilikwisha kwenda, na wanachama walisubiri hesabu zao wiki nzima.

Kwa hiyo, ndugu zetu, tufuate hatua hizi:

Kwanza, tuchomeke chaja. Windows 10, isipobadilishwa, hupunguza mwanga yenyewe betri inapofika asilimia 20. Kioo kikififia na kung'aa mara kwa mara, tuangalie kama chaja imelegea.

Pili, tubonyeze kitufe chenye alama ya jua. Katika kompyuta nyingi hubonyezwa pamoja na kitufe cha Fn. Huenda mtu amekigusa bila kujua.

Tatu, baadhi ya kompyuta hupima mwanga wa mahali zilipo. Tukitoka chini ya mwembe na kuingia ndani, kioo hufifia chenyewe. Jambo hilo huzimwa kwenye mipangilio ya kioo.

Nne, tuizime na kuiwasha upya. Ikibaki vilevile, tucheze na kifuniko taratibu: mwanga ukibadilika tunapokiinamisha, huenda waya wa kwenye bawaba umechoka. Kioo kikiwa giza, tukimulike kwa tochi. Tukiona maandishi kwa mbali, basi picha ipo, ila taa ya nyuma ya kioo haiwaki.

Hapo ndipo fundi anahitajika. Kabla ya kumpelekea, tunakili hesabu zote kwenye flashi, na tumweleze tuliyoyaona ili asianze kwa kubahatisha. Daftari la karatasi nalo tusiliache.

Ndugu makatibu, fedha ya kikundi ni jasho la wanachama. Dakika 10 za kuangalia wenyewe zinaweza kuiokoa.