AKINA MAMA, MKOPO NA KARATASI YA MKOPO

(Maneno ya Katibu wa Tawi mbele ya wanachama wa Ushirika, uwanja wa ghala. Yamenakiliwa hapa ubaoni kwa ajili ya wale ambao hawakuweza kufika.)



Nimepewa kazi moja tu leo, nayo ni kusema juu ya barua iliyoko mezani kwa Kamati. Wako wataalamu wa mikopo midogo wanaotaka kuja hapa kijijini kukopesha akina mama kwa vikundi. Kura ya kuwakaribisha au kutowakaribisha tutapiga Jumamosi. Nasikia tayari pande mbili zimeshatokea. Wengine wanasema hao ni wale wale wa kausha damu, wafukuzwe. Wengine wanasema fedha ni fedha, waje hata kesho. Mimi nasema kabla hatujanyoosha mikono, tuelewe kwanza kazi hii ilianzaje, na mtaalamu wa kweli wa kazi hii anafanya nini, ili akija tumjue.

Nianze na nchi ya India, maana huko jambo hili lilifanywa na watu wa ushirika kama sisi. Katika mji wa Ahmedabad wako wanawake wauza mboga, wabeba mizigo kichwani, wasukuma mikokoteni, wauza nguo kuukuu. Kazi wanaifanya tangu alfajiri, lakini mwajiri hawana na mtaji hawana. Miaka ile ya 1970 muuza mboga alikuwa akikopa rupia 50 kwa tajiri asubuhi, ananunua mboga, anauza mchana kutwa, na jioni anarudisha rupia 55. Eti rupia 5 tu! Sasa tuhesabu kama tunavyohesabu kisomoni. Rupia 5 kila siku, kwa siku 26 za kazi katika mwezi, ni rupia 130. Mama huyo amelipa rupia 130 kwa kutumia rupia 50, na hizo 50 zenyewe bado si zake, kesho alfajiri anakwenda kuzikopa tena. Ndugu zangu, huyo si mvivu wala si mjinga. Jasho ni lake, faida inalala kwa mwingine. Huo ndio unyonyaji wenyewe, hauhitaji kueleza zaidi.

Mtaalamu aliyeingia hapo alikuwa mwanasheria, mama mmoja jina lake Ela Bhatt, aliyezaliwa mwaka 1933 na kufariki mwaka 2022. Alikuwa akifanya kazi katika chama cha wafanyakazi wa viwanda vya nguo. Mwaka 1972 alishirikiana na wanawake hao kuunda chama chao, kinaitwa SEWA. Kwanza walikataliwa kuandikishwa. Wakaambiwa ninyi hamna mwajiri, sasa mtadai haki kwa nani? Wakajibu kwamba chama ni cha kuwaunganisha wafanyakazi, si lazima kiwe cha kugombana na tajiri. Wakashinda, kikaandikishwa.

Sasa sikilizeni habari ya mabenki. India ilitaifisha mabenki yake makubwa mwaka 1969, na ikatolewa amri yawakopeshe na wanyonge pia. Jambo zuri hilo. Lakini amri ya juu ni kitu kimoja, na karani wa dirishani ni kitu kingine. Akina mama wale walikwenda benki na watoto wao, nguo zina vumbi la sokoni, makarani wakawaona uchafu. Benki inafunguliwa saa zile zile ambazo soko limechangamka, kwa hiyo mama achague: benki au mboga zake. Fomu imejaa maandishi na yeye hajui kusoma. Na akiba akisema aiweke nyumbani, mume au kijana wake anaijua ilipo. (Hapo akina mama walipiga makofi, akina baba walinyamaza. Naandika kama ilivyokuwa.)

Ndipo muuza nguo kuukuu mmoja akasimama mkutanoni akauliza kwa nini wasianzishe benki yao wenyewe. Walipomwambia kwamba fedha hawana, hoja yake ilikuwa wingi wao. Na kweli, mwaka 1974 wanawake 4,000 walitoa rupia 10 kila mmoja, zikapatikana rupia 40,000, wakaanzisha benki ya ushirika. Katika jina lake kamili limo neno sahakari, na sahakari kwa lugha yao ndiyo ushirika.

Lakini kabla ya kuandikishwa likatokea jambo ambalo sisi tuliopita kisomoni tunalifahamu sana. Wakaulizwa: benki gani hii ambayo wenyewe hawawezi kutia sahihi? Mtaalamu mvivu angetafuta watu waliosoma wakatia sahihi kwa niaba yao, na benki ikawa ya hao waliosoma tangu siku ile. Ela Bhatt hakufanya hivyo. Walikaa usiku, wale waanzilishi wakajifunza kuandika majina yao, wakaandika na kuandika tena, na baadaye wakaenda kutia sahihi kwa mikono yao. Na kwa wanachama ambao hawakujua kuandika, benki ikatumia picha ya mwenyewe kwenye kitabu cha akiba. Karani anatazama picha, anatazama uso, kwisha.

Mimi kalamu nimeishika nikiwa mtu mzima, wengi wenu mnajua, tulikaa benchi moja. Nimewahi kusomewa karatasi na mtu aliyesoma mistari aliyoitaka na mingine akairuka. Kwa hiyo nikisikia habari ya usiku ule wa Ahmedabad siioni kuwa habari ndogo.

Tena tazameni walivyopanga. Hawakuanza na kukopesha fedha zao. Walianza na akiba, na kuwasaidia akina mama kupata mikopo ya yale mabenki makubwa, mpaka mwaka 1976 ndipo wakaanza kukopesha kutoka mfuko wao wenyewe. Wafanyakazi wa benki walikwenda sokoni na majumbani kukusanya akiba, siyo mama aache biashara yake kuifuata benki. Na mikopo mingine ilikuwa ya kukomboa bangili na vipande vya ardhi vilivyowekwa rehani kwa wakopeshaji. Yaani walibadilisha benki imfae mama. Hawakumbadilisha mama ili aifae benki.

Wako na wengine, nitawapitia upesi. Huko Bangladesh mwalimu wa uchumi, Muhammad Yunus, mwaka 1976 aliwakuta watu 42 wa kijiji cha Jobra wamefungwa na deni ambalo kwa jumla halikuzidi dola 27. Miongoni mwao walikuwa akina mama wasukaji wa viti vya mianzi, wanaokopeshwa na mchuuzi yule yule anayewapangia bei ya viti. Alilipa deni lile, na kazi hiyo ikakua mpaka ikawa benki kamili mwaka 1983, na mwaka 2006 akapata Tuzo ya Amani ya Nobel pamoja na benki yenyewe. Na baada ya mkutano mkuu wa wanawake wa Umoja wa Mataifa uliofanyika Mexico mwaka 1975, Ela Bhatt, Esther Ocloo wa Ghana na Michaela Walsh wa Marekani walishirikiana na wenzao kuunda Women's World Banking, kikaandikishwa mwaka 1979, cha kuwadhamini wanawake mbele ya mabenki. Huyo Esther Ocloo biashara yake aliianza kwa kupika jemu ya machungwa na kuiuza mitaani, baadaye akawa na kiwanda. Jirani zetu wa Kenya nao, akina mama wenye taaluma zao walianzisha shirika la fedha la wanawake mwanzoni mwa miaka ya 1980.

Sasa nije kwenye upande wa pili, maana nikiishia hapa nitakuwa nimewapamba wageni tu.

India hiyo hiyo, katika jimbo la Andhra Pradesh, mikopo midogo iligeuka balaa. Makampuni yalikuja mengi, na mtaalamu wao akawa anapimwa kwa idadi ya mikopo aliyotoa na marejesho aliyokusanya. Mama mmoja anakopeshwa na kampuni ya kwanza, ya pili inamkopesha alipe ya kwanza, ya tatu alipe ya pili. Kikundi kilichoundwa cha kusaidiana kikawa cha kukaa mlangoni kwa mwenzao mpaka atoe. Watu wengine walijiua. Mwezi Oktoba 2010 serikali ya jimbo ikatoa sheria ya kuwabana wakusanyaji, na marejesho yakasimama karibu jimbo zima. Angalieni, ndugu: nchi moja, jina moja la mikopo midogo, vikundi vile vile vya akina mama. Tofauti ni nani anashika daftari na nani anaelewa kilichoandikwa humo.

Hapa kwetu tunayo Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018. Inawapanga watoa huduma hizi katika madaraja manne, na vikundi vyetu vya kuweka na kukopa, VICOBA na vingine, vimo katika daraja la nne. Anayekuja kukopesha kama biashara lazima awe na leseni. Kwa hiyo swali la kwanza kwa mgeni yeyote, kabla ya soda, ni leseni yako iko wapi? Yule anayekuja na pikipiki na daftari la mfukoni, ambaye ukichelewa siku mbili anabeba masufuria na godoro la watoto, huyo si mtaalamu wa mikopo hata akivaa tai.

Swali la pili ni riba, na hapa naomba utulivu. Mama amekopa shilingi 300,000, riba asilimia 5 kwa mwezi, miezi sita, kila mwezi anapunguza deni kwa 50,000. Kama riba inatozwa juu ya deni la mwanzo, kila mwezi ni 15,000, na kwa miezi sita ni 90,000. Kama inatozwa juu ya deni lililobaki, mwezi wa kwanza ni 15,000, wa pili 12,500, wa tatu 10,000, halafu 7,500, halafu 5,000, mwisho 2,500. Jumla 52,500. Asilimia ni ile ile 5, mdomo ni ule ule unaosema asilimia 5, lakini tofauti ni shilingi 37,500. Hiyo kwa muuza dagaa wa hapa ni mtaji. Mgeni asituambie asilimia, atuambie shilingi ngapi zinatoka na shilingi ngapi zinarudi.

Kwa upande wangu Jumamosi nitanyoosha mkono wa kuwakaribisha. Hatuwezi kukataa mlango na huku akina mama wetu wanakopa mnadani kwa siri. Lakini nitaomba Kamati iandike masharti yetu, na yasomwe mbele ya mgeni. Mkataba uwe wa Kiswahili na ubandikwe hapa ubaoni siku 14 kabla ya mtu yeyote kutia sahihi. Marejesho yafuate mavuno na mnada, siyo kila wiki wakati alizeti bado ina maua. Vikundi viweke akiba kwanza msimu mmoja, katika sanduku lenye kufuli tatu na funguo kwa watu watatu, hao watatu wawe akina mama. Mwenye deni la mahali pengine aseme, wala asichekwe. Na vyombo vya nyumbani visiandikwe dhamana, hilo mimi sitakubali hata nikibaki peke yangu.

Akina baba wameniuliza pembeni kama mume lazima atie sahihi. Nimewajibu waulize nyumbani kwao kwanza.

Darasa la hesabu za mkopo litakuwa Jumanne na Alhamisi saa kumi jioni, pale shuleni, chumba cha darasa la tatu. Akina mama ambao bado hawajaandika majina yao waje saa tisa, tutaanza nao. Njooni na daftari na kalamu; asiye na kalamu amwone karani wa ghala, anazo chache. Kura ni Jumamosi saa nne asubuhi, uwanja huu huu.



Katibu wa Tawi