Kodi ya Pombe Ikipunguzwa, Chenji Hubaki Mkononi mwa Nani?

(Mazungumzo na viongozi wa vikundi vya kujisaidia)

 Nimeombwa nizungumze juu ya barua ambayo kikundi kimoja cha vijana kinataka kumpelekea mheshimiwa mbunge. Wanaomba Serikali ipunguze kodi ya bia. Sababu yao ni hii: bia halali ikiwa rahisi, vijana wataacha sumu inayouzwa vichochoroni. Akina mama nao wametaka kuongeza sababu yao, kwamba bei ikishuka, baba atabakisha kitu cha kuleta nyumbani.

Sababu hizo mbili si za kuchekwa. Nchi hii imezika watu wengi. Novemba 2000 zaidi ya watu 100 walikufa Nairobi kwa pombe yenye methanoli. Mei 2014 ikawa makumi ya watu katika kaunti kadhaa, kuanzia Embu na Kiambu hadi Kitui na Makueni. Februari 2024 ikawa zamu ya Kirinyaga. Kila mara waliokufa ni watu wa mfuko mwepesi, waliotafuta kinywaji cha bei ya chini kabisa. Kwa hiyo bei ni jambo la uhai. Lakini kabla ya kutia sahihi barua hiyo, hebu tuulize: Serikali ikiachilia shilingi 15 huko juu, ni ngapi zinafika hapa kwa mnywaji?

Fuateni njia ya chupa. Kiwanda ndicho hulipa ushuru, si mnywaji. Kiwanda humuuzia msambazaji, msambazaji humuuzia mwenye baa, na mwenye baa humuuzia mzee wetu. Kodi ikipungua, pesa hizo kwanza zinaangukia mkononi mwa kiwanda. Hakuna askari anayezisindikiza hadi kaunta. Kila mkono unaweza kupitisha zote, kupitisha nusu, au kukaa kimya tu. Na kukaa kimya ni rahisi sana, kwa maana mnywaji alikuwa amezoea bei ya jana.

Tuchukue hesabu ya kwetu. Hadi mwishoni mwa 2024, ushuru wa bia ulikuwa shilingi 142.44 kwa kila lita, iwe kali au nyepesi. Sheria mpya iliyoanza tarehe 27 Desemba 2024 ilibadili kipimo. Sasa ushuru ukafuata ukali wa pombe: shilingi 22.50 kwa kila sentilita ya kileo chenyewe kilichomo. Lita moja ya bia yenye ukali wa asilimia 5 ina sentilita 5 za kileo. Mara 22.50, inakuwa shilingi 112.50. Yaani ushuru ulishuka karibu shilingi 30 kwa lita, au shilingi 15 kwa chupa ya nusu lita, na hapo sijagusa VAT.

Pombe kali ilikwenda upande wa pili. Ilikuwa shilingi 356.42 kwa lita. Kwa kipimo kipya cha shilingi 10 kwa sentilita, lita ya ukali wa asilimia 40 ikawa shilingi 400. Kile kichupa cha mililita 250 ambacho vijana hutia mfukoni kikaongezewa kama shilingi 11 za ushuru.

Sasa nawauliza nyinyi mnaojua baa zilizo karibu nanyi: Januari 2025, nani aliona bia imeshuka shilingi 15? Nimeuliza swali hili katika mikutano kadhaa na jibu la kwanza huwa ni kicheko. Mzee mmoja aliniambia hakujua hata kama kuna sheria iliyobadilika. Nikamuuliza kuhusu kile kichupa, na hapo akajua bei mara moja. Bei hupanda kwa pikipiki na kushuka kwa miguu, tena ikishuka inapumzika kila kona.

Mwenye baa naye tusimtukane bure. Ana kodi ya nyumba, leseni ya kaunti, stima, mlinzi, mhudumu, na wale wageni wa jioni wasioandikwa katika kitabu chochote. Bei ya chupa ikifika kwake, ushuru ni sehemu moja tu ya gharama. Kuna jambo dogo pia ambalo wataalamu husahau, nalo ni chenji. Baa haiuzi kwa shilingi na senti. Bei huenda kwa kumi kumi. Punguzo la shilingi 4 au 6 linamezwa na sarafu yenyewe. Mnakumbuka Aprili 2020, wakati wa korona, VAT iliposhushwa kutoka asilimia 16 hadi 14? Kitu cha shilingi 116 kilipaswa kuwa 114. Nani alirudishiwa zile mbili dukani? Januari 2021 VAT iliporudi 16, hakuna muuza duka aliyesahau.

Basi mtu atasema, kumbe kupunguza kodi ni kazi bure. Hapana, si kila mara. Tunao mfano hapa hapa Kenya, nao ni keg.

Mwaka wa 2004 Kenya Breweries ilileta Senator, na Serikali ikaisamehe ushuru. Nia ilikuwa wazi: glasi ya bia safi ikaribiane bei na ile ya chang'aa, ili mtu atoke kwa mama pima. Na bei ilifika kweli kwa mnywaji. Kwa nini hapa msamaha ulifika, na kwa chupa tunatilia shaka? Kwa maoni yangu ni kwa sababu keg ilikuwa na mshindani mkali jirani, tena mshindani asiyelipa ushuru wowote. Kama kiwanda au mwenye baa angeweka msamaha mfukoni, glasi ingepanda, na mteja angevuka barabara kurudi kwenye chang'aa. Walilazimika kushusha. Halafu msamaha wenyewe ulifungwa kwa masharti. Haukutolewa kwa bia yote, bali kwa ile iliyotengenezwa kwa nafaka za hapa nchini, na ikauzwa kwa mapipa. Hiyo ndiyo sababu mtama ukawa zao la pesa kwa wakulima wengi wa sehemu kavu.

Mwaka wa 2013 Serikali ilipunguza msamaha huo hadi nusu. Bei ya glasi ikapanda, mauzo yakaanguka vibaya, na wakulima wa mtama waliokuwa na mkataba wakakosa wa kuwanunulia. Mei iliyofuata ndiyo ile ya vifo niliyotaja. Siwezi kusimama hapa niseme kodi ya keg ndiyo iliyowaua watu wale. Aliyewaua ni aliyeweka methanoli. Lakini bia safi ya bei ya chini ilikuwa imeondoka mezani kwao. Mwaka wa 2015 msamaha ukarudishwa hadi asilimia 90 na mauzo yakafufuka. Mwaka wa 2017 ukawekwa asilimia 80. Hapo kuna la kutazama: kwa msamaha wa 80, keg inalipa sehemu moja tu kati ya tano za ushuru. Kwa hiyo zile shilingi 15 za chupa, kwa nusu lita ya keg yenye ukali ule ule, zinakuwa shilingi 3. Vijana wetu wengi hunywa keg, si chupa. Barua yao inaomba punguzo la kinywaji cha mtu mwingine.

Sasa nije kwa akina mama. Tuseme punguzo limefika lote. Je, baba ataleta chenji nyumbani? Kuna nchi ya mbali iliyojaribu jambo hili kwa kipimo kikubwa, na hesabu zake ziliandikwa vizuri. Ni Finland, huko kaskazini mwa Ulaya. Estonia, jirani yake ng'ambo ya bahari, ilikuwa inaingia Umoja wa Ulaya Mei 2004, na pombe ya Estonia ilikuwa rahisi sana. Finland ikaogopa watu wake wote watavuka kwa meli kununua huko. Basi tarehe 1 Machi 2004 ikakata kodi ya pombe kwa wastani wa asilimia 33, na pombe kali kwa asilimia 44.

Madukani bei zilishuka kweli, kama asilimia 22 kwa wastani. Huko pombe kali inauzwa na kampuni moja ya Serikali, Alko, kwa orodha ya bei inayosomwa na kila mtu, na maduka mengine yanashindania wateja. Lakini katika baa za nchi hiyo hiyo, kodi ile ile, bei karibu haikusogea. Kiti, muziki na mhudumu havikuwa vimepunguziwa kodi.

Na waliopata punguzo walifanya nini na pesa iliyobaki? Walinunua pombe zaidi. Unywaji ulipanda kwa karibu asilimia 10 mwaka ule, na vifo vya pombe vikaongezeka, zaidi kwa wasio na kazi na wa kipato cha chini. Kuanzia 2008 Serikali yao ikaanza kupandisha kodi tena. Mama anayetumaini chenji ya baba, naona afadhali aitafute katika mzunguko wa kikundi.

Kwa hiyo ushauri wangu juu ya barua. Msiombe "kodi ya bia ipunguzwe", mkaishia hapo. Hiyo ni zawadi isiyo na jina la mpokeaji. Kama mnataka kuwatoa watu kwenye sumu, taja kinywaji chenyewe, taja nafaka ya mkulima wetu, na ombeni msamaha ufungwe kwa bei ya glasi inayoonekana ukutani. Pia andikeni wazi kwamba hamuombi vile vichupa vya mfukoni viguswe. Mswada wa Fedha hutakiwa kupelekwa Bungeni kufikia mwisho wa Aprili kila mwaka, na kamati hupokea maoni ya wananchi kwa maandishi. Msisubiri Juni.

Jambo la mwisho ni la makatibu. Nunueni daftari moja. Chagueni baa tatu na maduka mawili, mwandike bei ya glasi ya keg, chupa ya bia na kichupa cha mililita 250, tarehe moja ya kila mwezi. Anayekwenda kuuliza asiwe mnywaji wa pale, maana huyo ana bei yake ya rafiki. Tutakapokutana tena, kila kikundi kije na daftari lake.