Kuweka Malengo Binafsi katika Kujifunza Ubunifu wa Kidijitali: Mfano wa Uhuishaji wa Kompyuta

Lengo binafsi la kujifunza ni uamuzi ambao mtu hujiwekea mwenyewe, akitaja stadi anayoitaka, kazi itakayothibitisha kwamba ameipata, na muda wa kuifikia. Katika fani kama uhuishaji, uhariri wa video na utengenezaji wa muziki, uamuzi huo una uzito wa pekee, kwa kuwa wengi hujifunza bila darasa wala mwalimu wa kuwapangia hatua. Uhuishaji kwa programu ya Blender ni mfano unaoonyesha vizuri namna ya kuupanga.

1. Upana wa fani

Msimbo wa Blender ulifunguliwa kwa umma mwaka 2002, baada ya wapenzi wa programu hiyo kuchanga euro 100,000 za kuikomboa kutoka kwa wawekezaji. Tangu hapo haidai malipo ya leseni. Mwongozo wake hupakuliwa mzima na kusomwa bila intaneti, unafuu mkubwa kwa anayehesabu bando.

Hata hivyo, ndani ya programu hiyo moja mna kufinyanga maumbo, kupaka rangi, kuwatia wahusika mifupa, kupanga taa, kuhuisha na kuhariri. Kwenye studio, kazi hizo hugawanywa kwa mafundi tofauti. Anayejiwekea lengo la "kuijua Blender" anajitwika fani zote hizo kwa mpigo, na hana alama ya kumwonyesha kwamba amefika. Hatua ya kwanza, basi, ni kuchagua stadi moja na kuziacha nyingine zisubiri.

2. Lengo la matokeo na lengo la kujifunza

Mwaka 1968 mwanasaikolojia wa Marekani, Edwin Locke, alitoa hoja kwamba lengo mahususi na gumu huzaa utendaji bora kuliko agizo la kujitahidi tu. Tafiti za baadaye, zikiwemo za mwanasaikolojia Gary Latham na wenzake, ziliweka sharti muhimu: kazi ikiwa tata na mtu hajaimudu, kiwango cha matokeo huweza kumvuruga, kwa sababu fikra zake hushughulika na kufikia kiwango kabla hajajua njia. Katika hali hiyo humfaa zaidi lengo la kutafuta mbinu, yaani lengo la kujifunza.

Tofauti hiyo ni kubwa katika uhuishaji. Filamu ya dakika 5 yenye fremu 24 kwa sekunde ina fremu 7,200. Mwanagenzi anayeanza na lengo la kuitengeneza hukutana na matatizo ya kila aina kabla hajajua kutatua hata moja. Lengo la kujifunza lingesema hivi: ndani ya wiki mbili, kupata namna tatu za kuufanya mpira unaodunda uonekane mzito au mwepesi. Zoezi hilo ni kongwe na la heshima. Hufundisha kupima muda, kupanga nafasi kati ya fremu na kulibonyeza au kulinyoosha umbo, ambayo ni baadhi ya misingi 12 iliyoelezwa na Frank Thomas na Ollie Johnston, wahuishaji wa Disney, katika kitabu chao cha mwaka 1981. Mpira ukishatii, hufuata zoezi la kuhuisha mkia, kisha mwendo wa miguu miwili, kisha mhusika anayenyanyua mzigo.

3. Kazi fupi zinazokamilika

Stadi ya ubunifu huthibitika kwa kazi iliyomalizika, hata ikiwa ya sekunde chache. Saa zilizotumika kutazama video za mafunzo hazithibitishi kitu, kwa sababu kufuata mkono wa mwingine si sawa na kuamua mwenyewe. Kwa hiyo kila somo lifuatwe na kazi isiyo na mwongozo.

Njia ya mhuishaji Gints Zilbalodis wa Latvia ni ushahidi mzuri. Mwaka 2012 alitengeneza filamu fupi, Aqua, kuhusu paka na bahari, akafuatisha nyingine fupi. Kisha alifanya kazi peke yake kwa takriban miaka mitatu na nusu kukamilisha Away, filamu ya mwaka 2019 isiyo na mazungumzo, aliyoigawa katika sehemu nne. Baada ya hapo ndipo alipoongoza kikundi kutengeneza Flow kwa Blender, hadithi ya paka katika mafuriko, iliyoshinda Oscar ya filamu ndefu ya uhuishaji mwaka 2025. Kila kazi iliongeza jambo jipya juu ya yale aliyokwisha kuyamudu.

4. Kulinganisha lengo na mazingira

Lengo lipimwe pia kwa uwezo wa kifaa. Kompyuta ikihitaji dakika 2 kukamilisha fremu moja, sekunde 10 zenye fremu 240 zitachukua saa 8. Anayelijua hilo hupunguza taa na maumbo, au hutumia Eevee, njia ya haraka ya Blender ya kukamilisha fremu, iliyotumika hata kwa Flow.

Vikwazo vinavyotarajiwa viandikiwe mpango mapema. Mwanasaikolojia Peter Gollwitzer alieleza mwaka 1999 kwamba nia hutekelezwa zaidi inapofungwa kwa tukio mahususi: jambo fulani likitokea, hatua fulani ifuate. Kwa mhuishaji wa Dar es Salaam au Kisumu, mpango huweza kuwa huu: umeme ukikatika, mazoezi yahamie kwenye daftari la michoro. Vipindi vifupi vilivyotawanywa katika wiki ni bora kuliko siku moja ndefu, kwani kumbukumbu huimarika kwa kurudiwa baada ya muda.

5. Mapitio

Mwisho wa kila kipindi, kazi mpya iwekwe kando ya ile ya awali na maswali matatu yajibiwe: mbinu gani imeeleweka, ipi bado inasumbua, na stadi gani ifuate. Mtu wa pili aitazame bila kuelezwa chochote; akishindwa kutambua kwamba mpira ni mzito, uzito haujaonekana. Lengo lililokosewa kipimo hupunguzwa au huongezewa muda bila aibu, na lililotimia hufungwa. Mbinu zikishazoeleka, malengo ya matokeo hupata nafasi yake: filamu ya dakika moja, tarehe ya kuikabidhi, na watazamaji wa kuionyesha.