Kanisa na Ubaguzi: Somo Tulilolipata Kasulo

(Hotuba iliyotolewa katika mkutano wa wanafunzi wa zamani)



Nimeombwa niseme machache juu ya kanisa na ubaguzi. Mimi si mchungaji. Ni mtumishi wa Serikali, na nitasema kama mtu aliyekulia hapa Kasulo.

Nianze na jambo la fahari. Juni 1977, Shirikisho la Walutheri Duniani lilikutana Dar es Salaam, likamchagua Askofu Josiah Kibira wa Bukoba, mtu wa mkoa wetu huu, kuwa Rais wake. Alikuwa Mwafrika wa kwanza kushika kiti hicho. Mkutano huohuo ulitamka kwamba ubaguzi wa rangi wa Afrika Kusini haukuwa jambo la siasa tu. Uligusa imani yenyewe, na makanisa yalipaswa kuukataa hadharani. Mwaka 1984, huko Budapest, makanisa mawili ya Wazungu wa kusini mwa Afrika yalisimamishwa uanachama kwa kutoukataa.

Hayo niliyasoma Chuo Kikuu. Lakini somo lenyewe nilikuwa nimekwisha kulipata hapa nyumbani, tena kwa aibu.

Wenzangu mnaukumbuka mwisho wa Aprili 1994. Katika muda wa siku moja, watu wanaokadiriwa kufika 250,000 walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda. Benaco pakawa mji wa mahema. Kuni zikaadimika, maji yakawa taabu. TCRS, shirika la Kikristo la kuhudumia wakimbizi lililoanzishwa mwaka 1964, lilikuwa miongoni mwa yaliyofanya kazi Ngara. Na ng'ambo ya mto, katika kanisa la Nyarubuye, maelfu ya Watutsi waliokimbilia humo walikuwa wameuawa. Wengi wa waliowaua walikuwa wamebatizwa kama wao.

Mimi nilikuwa darasa la saba. Jumapili moja mvulana mgeni wa rika langu aliketi kwenye benchi letu kanisani. Nikamwuliza kwa sauti, wenzangu wasikie: "Wewe Mhutu au Mtutsi?" Hakujibu. Aliinuka, akaenda kusimama mlangoni mpaka ibada ikaisha.

Mzee mmoja wa kanisa, mkulima ambaye shamba lake lilikuwa limekwisha kuharibiwa na msongamano ule, aliniita nje. Hakunichapa. Alisema, "Mwanangu, huko walikotoka, swali hilo ndilo lililotangulia panga." Jumapili iliyofuata akaniweka mlangoni niwapokee wageni, niwaulize majina na kuwaonyesha pa kuketi. Yule mvulana hakurudi. Sikupata kulijua jina lake.

Ndugu zangu, kumpokea mtu si kufumba macho. Katika kambi ile ya Benaco alikuwemo Sylvestre Gacumbitsi, aliyekuwa mkuu wa Rusumo upande wa Rwanda. Mahakama ya Kimataifa iliyokaa Arusha ilimhukumu kifungo cha miaka 30 mwaka 2004. Katika rufani, mwaka 2006, kikawa cha maisha. Hiyo ndiyo haki: mtu hujibu kwa alilolitenda yeye, wala si kwa kabila alilozaliwa nalo.

Wakimbizi wa Rwanda waliondoka Desemba 1996. Lile swali langu halikuondoka nao. Vijana, nasikia bado yupo mwenzenu anayeitwa "mkimbizi" bwenini kwa ajili ya matamshi yake. Mnasema ni utani. Na mimi nilidhani natania. Nasi tulio maofisini tusijione bora: mwananchi wa mpakani anapoleta fomu yake mezani, tusome fomu, tusimsome pua.

Ombi langu ni dogo. Kidato cha kwanza watakaporipoti, wanafunzi wa kidato cha nne wasimame mlangoni, wamwulize kila mmoja jina lake, wamwonyeshe kitanda chake. Sisi wa zamani tulio karibu tuje tusimame nao. Mimi nitakuja.