Cheti Kilichozeeka: Kikwazo cha Elimu ya Wastaafu Riyadh na Jeddah

Waandaaji waliomba fasili zije kwanza, nami nitazipita haraka kwa kuwa ukumbi huu unazijua. Elimu ya maisha yote ni kuendelea kujifunza baada ya shule na kazi, na mstaafu ni yule aliyeacha ajira kwa mujibu wa sheria akaanza kupokea pensheni. Linalosahaulika ni umri wake. Kwa miaka mingi sheria za pensheni za Saudi Arabia ziliruhusu kustaafu mapema baada ya kuchangia miaka 25, hivyo aliyeajiriwa akiwa na miaka 22 angeweza kurudi nyumbani kabla ya kutimiza 50. Mageuzi ya 2024 yamesogeza mbele umri wa kustaafu, lakini waliokwisha kukaribia kustaafu hawakuguswa. Tunazungumzia watu wenye nguvu, wenye pensheni, na huenda wenye miongo miwili au mitatu mbele yao.

Sasa niingie kwenye sharti ambalo tumelijadili semina baada ya semina. Kanuni ya pamoja ya masomo katika vyuo vikuu vya umma ilitaka cheti cha sekondari cha mwombaji kisizidi miaka mitano. Baraza la chuo liliweza kumsamehe mwenye sababu za kuridhisha, na wenye vyuo huutaja msamaha huo kila tunapolalamika. Nasema kwa heshima: msamaha unaoombwa mmoja mmoja hauwezi kuitwa nafasi ya elimu. Mchukulieni mwanamke aliyemaliza sekondari Jeddah mwaka 1985, akaolewa, akalea. Kufikia 1990 cheti chake kilikuwa kimezeeka, ingawa yeye mwenyewe alikuwa bado kijana. Shule za serikali za wasichana zilianza mwaka 1960 tu, na hadi Juni 2018 mwanamke hakuruhusiwa kuendesha gari, kwa hiyo hata darasa la jioni lilitegemea nani atampeleka. Gari sasa analo. Sharti la cheti ndilo lililomsubiri mlangoni.

Hoja ya wanaolitetea sharti hilo, kwamba linawalinda vijana, ina uzito. Sensa ya 2022 ilionyesha kuwa asilimia 63 ya Wasaudi wana umri chini ya miaka 30, na chuo cha umma hakimtozi mwanafunzi raia ada, bali humpa posho ya kila mwezi. Lakini gharama ya chuo inatokana na posho na kiti cha asubuhi. Umri wa cheti hauipunguzi wala hauiongezi. Mstaafu ana pensheni, anaweza kusoma jioni bila posho. Wengine husema Chuo Kikuu cha Kielektroniki cha Saudia, kilichoanzishwa 2011, kinatosha. Kinasaidia, nakiri, ila aliyepoteza wenzake wa kazini anahitaji pia watu wa kukaa nao darasani. Wapo wanaosema mzee anatosheka na darsa ya msikitini. Darsa ndiyo ushahidi wangu mkubwa: anayehifadhi sura za Qur'ani uzeeni hawezi kuambiwa kichwa chake kimechoka. Nasi tuna mifano kwetu Afrika Mashariki. Kimani Maruge aliingia darasa la kwanza Kenya mwaka 2004 akiwa na miaka 84, na Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoundwa kwa sheria ya 1992, kina kozi ya msingi kwa wasiotimiza sifa za kawaida.

Napendekeza, kwanza kabisa, popote sharti la miaka mitano lilipobaki lifutwe kwa maandishi kwa waombaji wastaafu, lisiachiwe huruma ya baraza. Sheria ya vyuo vikuu ya 2019 iliyapa mabaraza mamlaka zaidi, na Chuo Kikuu cha King Saud, Riyadh, na cha King Abdulaziz, Jeddah, vilikuwa miongoni mwa vitatu vya kwanza kuitumia; basi vianze vyenyewe. Vitenge viti vya jioni visivyo na posho. Viruhusu mstaafu kuhudhuria mihadhara bila mtihani. Viandae kozi ya msingi kwa wenye vyeti vya zamani. Shirika la bima ya jamii limpe kila anayestaafu orodha ya masomo pamoja na barua yake ya pensheni. Vyuo visimrudishe mtu kwa sababu ya tarehe ya cheti. Narudia hili kwa kuwa hayo mengine yote yanalitegemea. La mwisho linawahusu ndugu zetu kutoka Kenya, Uganda na Tanzania wanaofanya kazi katika miji hiyo. Kibali chao cha ukaazi kimefungwa kwenye ajira, na kazi ikiisha hurudi nyumbani. Balozi zetu zijadiliane na waajiri ili masaa ya kujifunza yawekwe ndani ya mkataba wakati bado wako huko.